Sauti ipo, picha hakuna: maswali yenu kuhusu kubadili TV

Ni kweli wenzetu wa nje hubadili TV hata kama haijaharibika? (Msomaji, Area C)

Ni kweli. Mwaka 2012 kampuni ya DisplaySearch ilichunguza kaya za nchi mbalimbali ikakuta muda wa kukaa na TV moja kabla ya kuibadili umeshuka kutoka wastani wa miaka 8.4 hadi 6.9. Sababu iliyoongoza ilikuwa hamu ya kioo kikubwa zaidi. Serikali nazo huchochea: Japan ilianza 2009 kuwapa pointi za manunuzi walionunua vifaa visivyokula umeme mwingi, na Julai 2011 ikazima matangazo ya analojia, yale ya zamani kabla ya dijitali, karibu nchi nzima. Watu walifurika madukani, kisha mauzo yakaporomoka, maana kila nyumba ilishanunua. Hapa Dodoma analojia ilizimwa mwanzoni mwa 2013, na wengi tukachomeka king'amuzi kwenye TV ileile ya chogo. Tulifanya vizuri.

TV yangu ya inchi 43 inatoa sauti, picha hakuna. Fundi anasema kioo kimekufa, ninunue nyingine. (Mama, Nkuhungu)

Mama, subiri kwanza. Usiku zima taa za sebuleni, washa TV, mulika kioo kwa tochi ya simu kwa karibu, ukiielekeza kiupandeupande. Ukiona vivuli vya watu vinapita, kioo ni kizima. Zilizokufa ni taa za nyuma yake. Hizo ni LED ndogondogo zilizopangwa kwa mfuatano, na moja ikiungua TV nyingi huzima zote.

Fundi anayeijua kazi atazipima kwa mita, kisha abadilishe seti nzima, kwa sababu zilizobaki nazo zimechoka. Mwombe akuonyeshe alizotoa. Iliyoungua mara nyingi ina doa jeusi katikati. TV ikirudi, ingia kwenye menyu upunguze mwanga wa nyuma. Mwanga ukiachwa juu kabisa muda wote, joto huzimaliza taa hizo mapema. Inaniuma sana kuona familia ikitoa mshahara wa mwezi mzima kwa ugonjwa unaotibika.

Lakini kama kioo kimepasuka, fundi wako yuko sahihi: bei ya kioo hukaribia ya TV mpya.

Shemeji ananiletea TV kutoka Japan. Itafanya kazi? (Msomaji, Kondoa)

Soma kibandiko cha nyuma. Kikiandikwa 100-240V, chomeka bila wasiwasi. Kikiandikwa 100V pekee, umeme wetu wa volti 230 utaiunguza, hivyo tafuta transfoma ya kushusha. Antena ya moja kwa moja haitakamata chaneli zetu, kwani mifumo ya kurusha matangazo ya dijitali ni tofauti: Japan wanatumia ISDB-T na sisi DVB-T2. Unganisha king'amuzi kwa waya wa HDMI.

Ninunue kubwa kwa ajili ya AFCON 2027? (Msomaji, Bahi)

Kama uliyonayo inaonyesha vizuri, hapana. Hiyo pesa nunua stabilaiza nzuri. Umeme unaopanda na kushuka ni adui wa kila TV.

Chogo bovu liko uani, watoto wanalichezea. Kuna hatari? (Baba, Kongwa)

Ipo, baba, liondoe leo. Kioo chake kina madini ya risasi, na ndani hakuna hewa. Kikipigwa jiwe kinaweza kupasuka na kurusha vipande. Usilichome ili kupata shaba, moshi wake ni sumu. Japan, tangu 2001, anayetupa TV hulipia ada ya kuirejeleza. Wewe mpelekee fundi bila kulivunja, atoe spea zinazofaa.