Mkiishi Ugenini, Kateni Tiketi Wenyewe

Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia ujumbe mrefu. Mume wake alihamishiwa London kikazi, naye akaacha kazi yake akamfuata, na sasa kila Jumamosi wanashinda ndani wakisikiliza mvua. Wafanyakazi wenzake mume waliwaalika sana mwanzoni, kisha mialiko ikapungua, na ile michache iliyobaki ni ya mahali ambapo mlo mmoja wa jioni humaliza bajeti ya wiki nzima. Anauliza mimi na mume wangu tumewezaje, kwa kuwa huona picha zetu tukiwa kwenye kumbi za maigizo, migahawani na safarini, mwaka baada ya mwaka, na marafiki wale wale. Nimefurahi kuulizwa, wala sitajifanya sikufurahi. Urafiki huo tumeujenga kwa jasho, na wapo waliotuona washamba wakati tunaujenga.

Jibu langu ni kwamba acheni kusubiri kualikwa. Katika mji mkubwa wa watu, anayekata tiketi ndiye anayechagua siku, saa, bei na hata viti; anayealikwa hubaki na kukubali au kukataa, na akikataa mara mbili tatu hakuna anayemuuliza tena. Mume na mke walio ugenini wana sababu nyingi za kukataa kuliko wenyeji: mara nyingi wanaishi kwa mshahara mmoja, wana fedha za kutuma nyumbani, na mara nyingi pasipoti yao haiwafikishi mbali bila viza. Kwa hiyo wao ndio wenye haja kubwa zaidi ya kushika usukani.

Sisi somo hilo tulilipata mezani. Tulialikwa kwenye mgahawa wa katikati ya mji tukiwa kundi kubwa, watu wa ofisini kwa mume wangu pamoja na wake na waume zao. Mume wangu hanywi pombe, mimi nilikunywa glasi moja, na kwingineko mezani chupa za mvinyo zilifunguliwa moja baada ya nyingine. Mwisho wa yote mhudumu akaleta bili ndani ya jalada la ngozi pamoja na kile kimashine cha kadi, na bwana mmoja, bila hata kulifungua jalada, akasema tugawane sawa kwa sawa. Mimi nililifungua. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, palikuwa na ada ya huduma ya asilimia 12.5, imekwisha kujumlishwa, nayo ilikokotolewa hata juu ya mvinyo ambao mume wangu hakuugusa. Kimashine kikazunguka meza, kila mmoja akigusisha kadi yake huku akiendelea kuzungumza, hadi kikafika kwetu. Tukalipa. Kwenye treni ya kurudi hatukusemezana, na hadi leo nikipita mtaa ule hujikuta ninaihesabu ile tofauti kichwani.

Dada yangu, jambo la kwanza la kujua ni kwamba ada hiyo kwa kawaida ni ya hiari, na menyu yenyewe husema hivyo. Unaweza kuomba iondolewe, ingawa ukihudumiwa vizuri ni aibu kufanya hivyo. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 sheria ya Uingereza inamlazimisha mwajiri kuwapa wafanyakazi wake fedha hizo bila kujikatia chochote, kwa hiyo angalau unajua zinakwenda kwa nani. Jambo la pili ni kwamba anayeweka nafasi ya meza ndiye mwenye kauli. Ninapoalika mimi, ujumbe wa mwaliko hutaja jina la mgahawa, bei ya menyu na kwamba kila mmoja atalipia alichoagiza. Hakuna aliyewahi kukasirika. Watu hukasirika mambo ya fedha yakizushwa wakati bili iko mezani.

Baada ya jioni ile nilimwambia mume wangu kwamba zamu inayofuata tutaalika sisi, na tutaalika mahali tunapopaweza. Nikachagua Shakespeare's Globe, ule ukumbi wa mbao ulio ukingoni mwa mto Thames. Ulifunguliwa mwaka 1997 kwa kufuata umbo la ule wa kale, uliojengwa mwaka 1599 na kuteketea mwaka 1613 katikati ya onyesho, mzinga ulipofyatuliwa na paa la nyasi likashika moto. Mwigizaji wa Kimarekani aliyepigania ujenzi huu mpya, Sam Wanamaker, alifariki mwaka 1993 bila kuuona umefunguliwa. Nilijisomea hayo yote kabla ya siku yenyewe, maana anayealika lazima awe na la kusimulia. Mbele ya jukwaa kuna ua usio na paa ambako watazamaji husimama tangu mwanzo hadi mwisho, na tiketi za hapo ni miongoni mwa za bei nafuu zaidi mjini. Kwa miaka mingi ziliuzwa kwa pauni 5. Mvua ikinyesha inakunyeshea, kwa sababu miavuli hairuhusiwi.

Siku yetu ilinyesha. Tulikuwa tumefika mapema tukapata nafasi ya mbele kabisa, na yule yule bwana wa kugawana sawa kwa sawa akajikuta amesimama ndani ya koti la plastiki, viwiko vyake vikiwa juu ya ubao wa jukwaa, maji yakimchuruzika kwenye ncha ya pua, huku mwigizaji akipita karibu kiasi kwamba tuliona nyuzi zilizochomoka kwenye pindo la joho lake. Wakati wa mapumziko alinishika mkono akaniambia kwamba amezaliwa London na hajawahi kuingia mle. Sikumjibu kitu, lakini maneno hayo niliyapokea kama mshahara. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sikujua kwamba yanaweza kutimia hata pale mgeni anapokuwa ndiye mwalikaji.

Tangu hapo mimi ndiye mkata tiketi wa kundi, na njia zangu si siri. National Theatre hutoa tiketi za pauni 10 kila Ijumaa saa 7 mchana kwa maonyesho ya wiki inayofuata, nami huwa mbele ya kompyuta kabla saa hiyo haijafika. Katika uwanja wa Leicester Square kuna kibanda cha TKTS, kinachoendeshwa na chama cha wenye kumbi na watayarishaji wenyewe, ambacho huuza tiketi zilizopunguzwa bei. Kumbi nyingi za West End, eneo la maigizo la katikati ya London, zilijengwa zama za Malkia Victoria na mwanawe Edward, kwa hiyo zina nguzo mahali usipozitarajia, na roshani za juu zina mteremko unaotia kizunguzungu. Kiti kikiuzwa rahisi kupita kiasi, soma kama kimeandikwa kwamba mtazamo umezibwa. Nunueni kwa ukumbi wenyewe, si kwa wachuuzi wanaoongeza ada zao juu.

Halafu kuna faida ambayo sijasikia mtu akiisema: onyesho la jioni hulinda mfuko. Pazia hufunguliwa saa 1:30 usiku katika kumbi nyingi, na anayechelewa hungoja mlangoni hadi pale atakapopatiwa nafasi ya kupenyezwa. Kwa hiyo mnakula saa 11 jioni, katika migahawa yenye menyu maalumu ya kabla ya onyesho, kozi mbili au tatu kwa bei inayojulikana, na hakuna anayefikiria kufungua chupa ya tatu wakati kila mtu anatazama saa. Mkitoka ukumbini mnakuwa na la kuzungumza, jambo ambalo kwa watu mnaofahamiana nusu nusu ni neema. Ijumaa na Jumamosi baadhi ya njia za treni za chini ya ardhi, kama Victoria, Jubilee na Central, hufanya kazi usiku kucha, basi haraka ya kurudi haipo.

Sasa nifike kwenye kidonda, nacho ni Paris.

Kundi lile lile, kwa ujumbe wa simu wa usiku mmoja, liliamua kwenda Paris wiki chache mbele. Treni ya Eurostar kutoka stesheni ya St Pancras, London, hutumia saa mbili na robo hivi, na kwa wenzetu safari hiyo ilihitaji pasipoti na begi dogo. Kwa sisi wenye pasipoti ya Tanzania, kibali cha kuishi Uingereza hakifungui mlango wa Ufaransa; inatakiwa viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Tuliwaeleza, wakasema ombeni tu, mtapata. Tukalipia tiketi za treni zisizorudishiwa fedha, tukakusanya barua za mwajiri na taarifa za benki, na ofisi inayopokea maombi ikatupangia miadi ya mbali. Pasipoti zilirudi Jumatatu zikiwa na viza ndani. Wenzetu walikuwa wamerejea Jumapili. Usiku wa Jumamosi simu yangu ilijaa picha zao wakiwa mezani, na chini yake wameandika kwamba wametukumbuka. Katika wiki zote hizo hakuna hata mmoja aliyependekeza tusogeze tarehe. Mume wangu husema hawakujua. Mimi nasema hawakuuliza.

Kwa hiyo safari za Ulaya sasa tunazipendekeza sisi, miezi mingi kabla, na tarehe hufuata miadi yetu ya viza, nao huzikubali bila kinyongo. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipelekwe chini ya siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15 lakini unaweza kuvutwa hadi 45, basi anayehesabu siku 15 tu anacheza kamari. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, bima ya safari lazima ifike angalau euro 30,000, na pasipoti iwe na uhai wa miezi 3 baada ya siku ya kutoka. Mkipita nchi mbili, ombeni kwa ile mtakayokaa siku nyingi zaidi. Tena zitumieni viza hizo kwa uaminifu, kwa sababu kanuni zao zinasema aliyepata na kutumia ipasavyo viza 3 ndani ya miaka 2 anastahili kufikiriwa kwa viza ya mwaka mzima ya kuingia mara nyingi. Na msidanganyike na Dublin, mji mkuu wa Ireland. Ukivuka kwa barabara kutoka Belfast, ulio Ireland ya Kaskazini ndani ya Uingereza, huoni kizuizi chochote, lakini Ireland ni nchi nyingine yenye viza yake.

Wakati mnasubiri, pandeni treni za humu humu ndani. Kuna kadi iitwayo Two Together Railcard, ya pauni 35 kwa mwaka, yenye majina na picha za watu wawili, inayopunguza theluthi moja ya nauli mkisafiri pamoja. Siku za kazi haitumiki kabla ya saa 3:30 asubuhi. Mkiwa watu 3 hadi 9, kampuni nyingi za treni hutoa punguzo kama hilo liitwalo GroupSave kwa saa zisizo na msongamano, na ndivyo tunavyokwenda Brighton na Bath. Safari tunayoipenda kuliko zote ni ya Edinburgh, Scotland, mwezi Agosti, kwenye tamasha la maigizo la Fringe. Kutoka stesheni ya King's Cross, London, ni saa nne na nusu hivi, na viza haihitajiki. Malazi ndiyo yanayopanda bei kama wazimu, kwa hiyo vyumba tunaviweka tangu majira ya baridi. Tamasha lile lilianza mwaka 1947, vikundi 8 vya maigizo vilipofika Edinburgh bila kualikwa kwenye tamasha rasmi la mji vikaamua kuigiza hivyo hivyo, na leo ndilo kubwa kuliko lile ambalo halikuvialika. Kila mara ninapowasimulia marafiki zetu habari hiyo mume wangu hunikanyaga mguu chini ya meza.

Najua mtasema kupanga kunachosha, na kweli kunachosha. Lakini ninawaona mume na mke wanaokaa London miaka mitatu mizima kisha wanaondoka wakisema watu wa kule ni wabaridi, ilhali hawakuwahi kumwandikia mtu ujumbe wenye tarehe, saa na bei. Mwenyeji ana ndugu zake, ana rafiki wa tangu shule, Jumamosi yake imejaa. Hana sababu ya kukukumbuka usipomkumbusha. Mkumbushe. Mtumie tarehe. Akisema hawezi, mtumie nyingine mwezi ujao, na usimnunie. Wewe uliyeacha kazi yako ukamfuata mwenzako una muda ambao wenzako hawana. Utumie, maana kazi ya kuwakusanya watu ni kazi, hata kama haina hati ya mshahara.

Fedha zikusanyeni siku ile ile ya kukata tiketi. Ninatuma kiasi, ninasubiri hadi jioni ya siku inayofuata, na ambaye hajalipa kiti chake kinauzwa kwa mwingine. Wengi wamezoea. Yupo mmoja ambaye bado ananidai subira kila mara, akiahidi kulipa tukifika, na simtupi kwa sababu ni mcheshi na mume wangu anampenda. Huyo ninamwalika National Gallery, jumba la picha za sanaa ambalo siku za Ijumaa hufungwa saa 3 usiku na kuingia ni bure.