Maswali ya wasomaji: Niuze gari nibaki na baiskeli?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Ubungo, Dar es Salaam, na ofisi yetu iko Posta, katikati ya jiji. Nina gari dogo ambalo kila mwezi humeza sehemu kubwa ya mshahara wangu kwa mafuta, gereji na maegesho, na sasa nafikiria kuliuza ili niwe ninakwenda kazini kwa baiskeli. Mke wangu hakubali, kwani anauliza tutafanyaje mmoja wa watoto wetu wawili akiugua usiku. Ndugu zangu nao wanasema watu watadhani nimefilisika. Mnanishauri nini?
Msomaji, Ubungo

JIBU: Ndugu msomaji, hoja ya mkeo ndiyo nzito kuliko zote ulizozitaja, kwa hiyo tuanze nayo. Gari la nyumbani halikupeleki wewe kazini tu, bali hubeba pia mgonjwa, gunia la mchele na shangazi aliyeshuka na vifurushi vyake stendi ya Magufuli kule Mbezi. Baiskeli itachukua nafasi ya safari yako ya ofisini, lakini hizo nyingine zitabaki palepale, na usipozipangia mapema mzigo wake utamwangukia mkeo. Tunashauri kwamba sehemu ya fedha ulizokuwa ukitia kwenye mafuta itengwe kila mwezi kwa ajili ya taksi na bajaji, naye mkeo ndiye azishike. Tafuteni pia madereva wawili au watatu wa mtaani kwenu wanaokubali kuamshwa usiku, na namba zao ziwe kwenye simu zenu wote wawili.

Kuhusu maneno ya ndugu, hatuoni haja ya kuyajibu kwa kirefu, kwa sababu hakuna hata mmoja wao anayekulipia gereji.

Njia yako ina nafuu na ina kero. Kutoka Ubungo hadi Posta ni kama kilometa 10, umbali ambao mtu mwenye afya ya kawaida huumaliza kwa dakika 40 hivi bila kukimbizana na mtu. Barabara ya Morogoro ilipojengwa upya kwa ajili ya Mwendokasi, usafiri wa mabasi ya haraka ulioanza kazi mwaka 2016, ilipewa pia njia za waenda kwa miguu na baiskeli. Mradi huo uliiletea Dar es Salaam tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018, ingawa majaji, tunadhani, hawakupita Manzese jioni, wakati ambapo njia hiyo huwa na meza za matunda, viatu vya mitumba na bodaboda zinazosubiri abiria. Hapo itakubidi ushuke na kuikokota, na usishawishike kuingia kwenye njia ya mabasi, kwani si ya baiskeli na basi halitakukwepa.

Kero kubwa zaidi iko Jangwani. Mto Msimbazi ukifurika, barabara hufungwa na hata Mwendokasi husitishwa, kwa hiyo siku hizo zitakuwa ngumu kwako kama zilivyo kwa mwenye gari. Siku za mvua ya kawaida panda Mwendokasi, baiskeli ibaki nyumbani. Kumbuka pia kwamba jua letu huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima, hivyo ukichelewa kidogo tu ofisini utarudi gizani, na taa ya mbele na ya nyuma ni lazima.

Kabla ya yote, zungumza na ofisi yako. Ulizia bafu, mahali pa kutundika shati safi, na kama mlinzi wa getini ataruhusu baiskeli iingie ndani, maana kwa joto la Januari hakuna atakayefika Posta akiwa mkavu.

Ukinunua baiskeli ya mtumba, chagua yenye saizi ya tairi ambayo fundi wa mtaani kwako anaijua. Mtazame akifanya kazi: anaitoa tyubu, anaijaza upepo, anaizamisha kidogo kidogo kwenye beseni la maji mpaka viputo vionyeshe tundu lilipo, kisha anapakwaruza kwa msasa, anapaka solusheni na kubandika kiraka. Tundu hilo halitakulaza njiani. Mashine ya gia za kigeni isiyo na spea Kariakoo itakulaza.

Hata hivyo, usiliuze gari sasa. Tangu bajeti ya 2017/18 ilipofuta ada ya mwaka ya leseni ya magari na kuihamishia kwenye bei ya mafuta, gari lililosimama halina gharama kubwa kwa muda mfupi, mradi uliwashe mara kwa mara betri isife. Liegeshe, kisha jaribu kuishi bila gari masika yote, kuanzia Machi hadi Mei, huku mkeo akiandika kila shilingi ya taksi na bajaji. Daftari hilo litawapa jibu ambalo sisi hatuwezi kuwapa tukiwa huku.

Mkikubaliana kuuza, hakikisheni umiliki umehamishwa Mamlaka ya Mapato (TRA) kwa jina la mnunuzi ndipo mumkabidhi gari, kwa sababu faini za barabarani huandikwa kwa namba ya gari, na asipobadilisha jina zitaendelea kuhesabiwa kwako.