Kuhusu maumivu ya tumbo ya binti yako
Dada, pole sana. Umeeleza kuwa binti yako wa miaka 14 anaumwa tumbo tangu mwaka jana, na kila mkienda zahanati anapimwa Widal (kipimo cha damu cha kutafuta taifodi) na kupewa dawa za taifodi. Kipimo hicho peke yake hakitoshi, kwa sababu hata chanjo au maambukizi ya zamani yanaweza kukifanya kionyeshe ugonjwa hata kama hana. Kwa kuwa mnaishi kando ya Ziwa Victoria, ombeni choo kipimwe kichocho, minyoo na bakteria wa vidonda vya tumbo. Andika pia tarehe anazoumwa, maana maumivu yanayorudi kila mwezi kwa binti ambaye hajavunja ungo yanaweza kutokana na damu ya hedhi iliyozuiwa ndani, na altrasaundi huionyesha. Maumivu yakihamia upande wa chini kulia wa tumbo, naye akawa na homa au kutapika, mpelekeni hospitali mara moja, hata kama ni usiku.