Nililiona kwenye simu, sasa silipati

SWALI: Mwezi uliopita nilifungua kwenye simu ya Android jedwali la PDF la viwango vya mbolea ya viazi mviringo. Nikiandika "mbolea viazi" Google, yanakuja matangazo ya maduka ya pembejeo tu. Nitalipataje?
Mkulima, Uyole, Mbeya

JIBU: Ndugu mkulima, Google iache mwisho. Jedwali hilo limeshapita kwenye simu yako, kwa hiyo fuata njia liliyopitia: lilitumwa WhatsApp, ulilikuta Facebook, au ulilitafuta mwenyewe?

Kama ni WhatsApp, fungua kundi, gusa jina lake pale juu, ingia palipo na picha, viungo na nyaraka, kisha chagua nyaraka. Wengi hukwama hapa kwa kuandika "viazi" kwenye kisanduku cha kutafutia, wakati faili lenyewe linaitwa, kwa mfano, DOC-20250314-WA0006. Jina hilo halitaji viazi, linataja siku: tarehe 14, mwezi wa 3, mwaka 2025. Basi tafuta kwa siku na kwa mtu. Lilikuja kabla ya kupanda au wakati wa palizi? Nani alilituma? Na kama ni karatasi iliyoskaniwa, ndani mara nyingi ni picha tupu. Hata uandike neno sahihi kiasi gani, simu haitaliona. Likiwa limefutwa, mwombe aliyetuma alitume tena.

Kama ulilifungua kwa Chrome, gusa nukta tatu, angalia Vipakuliwa, halafu Historia. Historia hukaa siku 90 kwenye simu, kwa hiyo la mwezi uliopita bado lipo, isipokuwa uliifuta au ulitumia hali fiche. Kiungo kilichofunguliwa ndani ya Facebook kwa kawaida hutumia kivinjari cha Facebook yenyewe, na Chrome haina habari nacho.

Yote yakishindikana, andika Google hivi:

"viazi mviringo" mbolea filetype:pdf site:go.tz

Alama za nukuu hulazimisha maneno mawili yafuatane, filetype:pdf huleta faili za PDF tu, na site:go.tz huondoa maduka yote na kubakiza tovuti za serikali. Rudia kwa Kiingereza, maana nyaraka nyingi za utafiti huandikwa kwa lugha hiyo. Kiungo kikifa, bandika anwani yake kwenye web.archive.org, hifadhi ya kurasa za zamani za mtandao.

Ukilipata, libadilishe jina papo hapo: mbolea-viazi-mviringo-2025. Kisha tazama mwaka wa toleo kabla hujanunua mbolea. Likiwa la zamani, TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, ni jirani zako. Waulize viwango vya sasa.