Kabla Hujamwaga Gundi Kwenye Ufa wa Meza

Wiki hii dada mmoja wa Chumbageni amenitumia picha ya meza yake ya mtiki. Ufa umeikata katikati, gundi imevimba juu yake kama nta ya mshumaa. Anauliza: "Fundi, nimejaza gundi kali mara mbili, inaachia. Ninunue ipi?"

Dada yangu, usinunue kitu kwanza. Inama uchungulie chini. Ukikuta uso wa meza umekazwa skrubu kwenye fremu bila nafasi, mchawi ndiye huyo. Ubao hupanuka na kusinyaa kwa upana. Kwa urefu ni kidogo mno. Masika unavuta unyevu, kaskazi unakauka. Ukiubana usipate pa kwenda, utapasuka tu.

Maneno hayahaya nilimwambia mteja mmoja hapa Ngamiani miaka ya nyuma. Akanicheka mbele ya watu barazani: eti natafuta hela, kazi ya gundi hata mtoto anaiweza. Akachukua meza yake akaondoka. Iliniuma, na sifichi, bado inaniuma. Mwezi uliopita meza ileile imerudi, ufa unameza sarafu.

Nililegeza skrubu, nikayarefusha matundu yake kufuata upana wa ubao. Gundi ya zamani nikaikwangua kwa ncha ya kisu mpaka mbao yenyewe ikaonekana, maana gundi mpya haishiki vizuri juu ya iliyokauka. Mtiki una mafuta, kwa hiyo nikaufuta kwa thina, ilipokauka tu nikaanza kazi. Nyufa nyembamba zilizokubali kufungwa nilitia gundi nyeupe nikabana kwa klempu. Ule mpana nikaujaza epoksi, ile ya mirija miwili, nikaichanganya na unga wa mtiki uleule ili rangi ifanane. Gundi nyeupe husinyaa ikikauka, kwenye uwazi mkubwa inakuachia shimo. Leo ukipitisha kiganja juu ya meza ile huhisi kitu.

Vijana wa karakana, acheni pupa! Mnakimbilia gundi ya kuganda kwa sekunde, mteja analipa, mvua ikinyesha mnazima simu. Heshimuni mbao, na heshimuni jasho la mtu.

Dada, kabla ya kujaza, bandika selotepu chini epoksi isivuje; ukishajaza, uiache ilale usiku kucha hata ukiona juu imekauka. Kesho yake piga msasa, kisha vanishi, hasa kama meza inakaa dirishani, maana jua huigeuza epoksi kuwa ya njano.