Mgodi ulipoanza kununua mayai yetu

Mkuu, umeuliza inakuwaje wawekezaji wa nje wanaingia na uchumi unakua kila mwaka, ila mtaani kwako huoni kitu. Nimeishi jirani na mgodi mkubwa wa dhahabu Kanda ya Ziwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, nakujibu kwa niliyoyapitia.

Anza na hesabu yenyewe. Pato la Taifa linahesabu kinachozalishwa ndani ya mipaka, mwenye mali awe Mtanzania au mgeni. Dhahabu ikichimbwa hapa inaingia kwenye hesabu hata kama faida inakwenda kwa wenye hisa ng'ambo na mitambo imenunuliwa hukohuko. Sheria ya Madini ya 1998 iliweka mrabaha wa dhahabu, yaani malipo ya mgodi kwa serikali kwa madini unayochimba, asilimia 3 tu. Kwa hiyo takwimu zilipanda kweli, ila kilichobaki kwetu kilikuwa kidogo.

Sisi miaka ile tulikuwa tunaona malori ya friji yakipita sokoni bila kusimama. Nyama, mboga, mayai, vyote vinatoka mbali, na nyanya zetu zinaoza kilomita chache tu kutoka kambi ya mgodi yenye mamia ya watu wanaokula mara tatu kwa siku. Hilo liliniuma kuliko mrabaha.

Mwaka 2017 sheria ikabadilishwa: mrabaha ukawa asilimia 6, serikali ikapewa hisa zisizopungua asilimia 16 kwenye migodi. Ila kwetu kilichogusa maisha ni kanuni za 2018 za kuwashirikisha Watanzania, zinazotaka migodi itangulize bidhaa na huduma za hapa nchini. Tukaunda kikundi cha watu 12, tukafuga kuku wa mayai. Zabuni ya kwanza tulikataliwa: hatuna risiti za EFD (mashine ya risiti za kodi), mayai hayalingani. Nilikasirika sana, lakini kwenye mayai walikuwa na haki. Afisa ugani akatufundisha kuyapanga kwa madaraja, na mara ya pili tukapata trei 80 kwa wiki.

Balaa likawa malipo. Kampuni iliyokuwa inalisha kambi ilikaa na hela yetu miezi mitatu, na kuku hasubiri. Wawili walijitoa, mmoja akauza ng'ombe anunue chakula cha kuku. Tulipona kwa sababu SACCOS yetu, chama cha kuweka na kukopa, ilikubali mkataba ule kama dhamana.

Leo hela ya mgodi inafika kwa muuza dagaa wa chakula cha kuku, kwa mwenye mashine ya pumba, kwa kijana wa bodaboda anayebeba trei. Mimi ukuaji wa uchumi nauona hapo, na ulikuja mgodi ulipoanza kununua kwetu.

Umesema kiwanda chenu bado kinajengwa. Nenda wiki hii kwa mtendaji wa kata ukaulize nani atalisha wafanyakazi, wanataka vipimo gani, na wanalipa baada ya siku ngapi. Sisi tulichelewa zaidi ya miaka 15 kuuliza.