Mtoto wa komba aliyeanguka mwembeni

Ndugu yangu wa Gede, nimekusoma: mmekata tawi la mwembe, mtoto wa komba akadondoka, na watoto wanataka mumfuge. Msimfuge. Mama komba humbeba mwanawe kwa mdomo na kumficha majanini akienda kutafuta wadudu, kwa hivyo huenda yuko karibu. Jua likizama, mtieni kwenye kikapu wazi, kitundikeni mwembeni, paka mfungieni ndani. Maziwa ya ng'ombe msimpe. Wangu nilimpa, akaharisha, akafa vidole vyake bado vimenishika kidole gumba. Akiwa bado yupo asubuhi, pigieni simu KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inataka kibali cha kumfuga. Aking'ata mtu, osheni jeraha kwa sabuni dakika 15, kisha hospitali. Na huyo wenu si komba wa Rondo, aina iliyo hatarini kutoweka: yule ni wa misitu ya Tanzania.